Mtoto Anayekojoa na Mfalme Juu ya Farasi

 Leo twende Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tuutembee kuanzia asubuhi mpaka makumbusho ya mwisho yafunge milango. Majengo ya Umoja wa Ulaya tutayapita tu. Hayo unayaona kila siku kwenye taarifa ya habari, nyuma ya mtu aliyefunga tai. Sisi tunafuata sanamu za barabarani na makumbusho ya ajabu ajabu, na mji huu umejaaliwa vyote viwili.

Niseme mapema ninakoelekea, usije ukadhani nakutembeza bure. Sanamu inayokubali kuguswa, kuvalishwa na kuchekwa hukaa na watu wake karne kwa karne. Ile iliyopandishwa juu ili watu waitazame kwa kuinua shingo, ipo siku itadaiwa maelezo. Brussels ina za aina zote mbili, na kutoka moja hadi nyingine ni vituo vichache tu vya metro.

Tunaanzia Grand-Place, uwanja mkuu wa mji. Mwaka 1695 mizinga ya jeshi la Louis XIV wa Ufaransa iliteketeza sehemu hii yote, na nyumba za vyama vya mafundi zinazouzunguka uwanja zikajengwa upya kwa miaka michache tu, zikapambwa dhahabu kana kwamba wenyewe wanamwambia mfalme yule: hukutuweza. Pembeni, chini ya upenu wa barabara ya Charles Buls, amelala mtu wa shaba. Huyu ni Everard t'Serclaes, aliyeongoza wenzake mwaka 1356 kuukomboa mji kutoka mikononi mwa watu wa Flanders, na akauawa mwaka 1388. Fundi wake ni Julien Dillens. Wenyeji na wageni wanaamini kwamba ukimpapasa mkono utapata bahati, au utarudi Brussels siku moja. Basi msongamano hauishi. Sanamu imefubaa, lakini mkono umesuguliwa hadi unametameta, na umbo lake limeanza kulainika kwa viganja vya watu. Wanaompapasa wengi wao hawajui alifanya nini, wala hawaulizi. Wanajua tu kwamba anaguswa, na hilo limetosha kumfanya awe mwenzao.

Kutoka hapo shuka na barabara ya Étuve, mwendo wa dakika tano. Utajua umefika ukiona simu zimeinuliwa juu na watu wanasukumana. Wanaomwona kwa mara ya kwanza karibu wote husema neno lile lile: "Ndiye huyu tu?" Ndiye. Mtoto wa kiume, uchi kama alivyozaliwa, amesimama kwenye kona, anakojoa mbele ya kadamnasi. Wazee mniwie radhi, lakini nikisema anajisaidia haja ndogo nitakuwa nampamba kuliko anavyojipamba mwenyewe, maana jina lake, Manneken Pis, halifichi kitu. Urefu wake ni sentimita 55 na nusu. Mweke juu ya meza ya kulia chakula, na bado hatafika kwenye kidevu cha mtu mzima aliyesimama.

Alianza kazi kabla ya kuwa kivutio. Zamani maji hayajaingia majumbani, hapa ndipo mtaa ulipochota maji ya kunywa. Mwaka 1619 mji ulimwagiza fundi Jérôme Duquesnoy amtengeneze kwa shaba badala ya sanamu iliyokuwepo, na tangu hapo amepitia mengi. Mwaka 1747 askari wa Ufaransa walimwiba. Watu wa Brussels wakachachamaa, ikabidi mfalme Louis XV atulize hasira kwa kumzawadia mtoto huyu joho la kifahari na nishani ya heshima. Hebu fikiri, msikilizaji: mfalme mwenye majeshi anamwomba radhi kitoto cha shaba. Mwaka 1817 mtu mmoja aliyewahi kufungwa alimwiba na kumvunja vipande. Alipokamatwa alihukumiwa kazi ngumu, akasimamishwa Grand-Place aaibishwe hadharani. Miaka ya 1960 akaibwa tena, akakatwa kwenye vifundo vya miguu, na mwili wake ukaja kuopolewa kwenye mfereji. Baada ya hapo wenye mji wakaona yatosha. Wa asili sasa anakaa ndani ya makumbusho ya mji pale Grand-Place, na huyu wa barabarani ni nakala yake.

Kisa cha karibuni kinanichekesha zaidi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba maji anayoyatoa yanazunguka na kurudi juu. Mwaka 2018 ukafungwa mtambo wa kupima matumizi ya maji, ikabainika kwamba siku zote hizo mtoto alikuwa anamwaga maji safi ya kunywa, kati ya lita 1500 na 2500 kwa siku, yanakwenda zao kwenye bomba la maji machafu. Wakarekebisha, na sasa maji ni yale yale yanayozunguka. Umma haukukasirika. Ukacheka, na habari ikasambaa duniani kote. Lingekuwa jengo la serikali ndilo limevuja hivyo, zingeundwa tume.

Tukate kona tuingie barabara ya Chêne, nyumba namba 19. Tangu mwaka 2017 hapa pana makumbusho ambayo sijui kama yana ndugu duniani: kabati la nguo za sanamu. Kweli. Mtoto yule ana mavazi zaidi ya elfu moja. La kwanza alipewa mwaka 1698 na mtawala wa Bavaria aliyekuwa gavana wa nchi hizi. Tangu hapo wamemvalisha wanajeshi, wazima moto, wanamuziki, vyama vya michezo, na mataifa ya mbali yakamletea nguo za kwao. Yumo Elvis Presley, yumo Dracula.

Nilisimama muda mrefu mbele ya nguo hizi nikitazama ushonaji. Si nguo za mwanasesere. Vifungo ni vya kweli, na mishono imefichwa kama inavyofanywa na fundi anayejiheshimu. Lakini kumvalisha mtu wa shaba ni mtihani: hakunji kiwiko, hainui mguu, na mkono mmoja una shughuli yake ambayo haiachi. Kwa hiyo vazi halipiti kichwani kama letu. Linashonwa kwa kipimo chake, kwa namna ya kufunguka, ili mtumishi wa mji apande ngazi, amzungushie mwilini, alifunge, na maji yaendelee kutoka bila kulowesha kitambaa. Ukitaka kumletea mtoto vazi, unapeleka maombi, yanajadiliwa, na masharti yapo: hakuna tangazo la biashara, hakuna siasa, hakuna mahubiri ya dini. Likikubaliwa, anavalishwa kwa sherehe na bendi, na siku nyingine huunganishiwa pipa la bia, wapita njia wakakinga vikombe. Ratiba ya mavazi hubandikwa pale pale kwenye uzio wake.

Sasa jiulize kwa nini kitoto hiki kimeishi zaidi ya miaka 400, kimeibwa, kimevunjwa, na kila mara mji umekirudisha. Kila kizazi kimeweka mkono wake. Mshona nguo ameweka, mfalme ameweka, hata mwizi ameweka. Hakuna aliyeambiwa akisujudie.

Wenyeji wamekwisha kumzulia jamaa. Mwaka 1987 kwenye kichochoro kimoja nyuma ya mtaa wa migahawa aliwekwa msichana, Jeanneke Pis, amechuchumaa nyuma ya nondo nyekundu kwa kuogopa wezi. Mwaka 1998 akaongezwa mbwa, Zinneke Pis, kazi ya Tom Frantzen, amenyanyua mguu kwenye kikingio cha kona ya barabara ya Chartreux. Ni mbwa koko, asiye na ukoo, na watu wa Brussels wanamwonea fahari kwa sababu wenyewe wanajihesabu hivyo hivyo, mchanganyiko wa huku na huko. Mwaka 2015 gari lilimgonga, akapelekwa kutengenezwa, akarudi kazini.

Lakini kabla hujafika kwa mbwa, utapita karibu na jengo la zamani la soko la hisa, na hapo, msikilizaji wangu wa Tabora, weka kikombe chini. Kuna kibarabara kifupi, kando ya kanisa la Mtakatifu Nikolasi, kina baa ya zamani na watu wengi wanaopita bila kutazama juu. Kibao cha ukutani kinasomeka: Rue de Tabora. Tabora hiyo hiyo ya kwetu, ya Unyanyembe na maembe. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliingia Tabora na kuwafukuza Wajerumani, na Brussels, ambayo wakati huo ilikuwa imekaliwa na Wajerumani hao hao, baadaye ikaipa barabara jina la ushindi. Jenerali aliyeongoza, Charles Tombeur, aliishia kuitwa kwa heshima Tombeur wa Tabora. Askari waliopigana walikuwa Wakongo, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi wasiohesabika kutoka Kongo na nchi walizopita. Kibao hakiwataji. Mahali hapa nilianza kuhisi kwamba utani wa asubuhi una mwisho wake.

Tuumalizie vizuri basi. Nenda hadi kwenye mfereji, upande wa Molenbeek, uwanja wa Sainctelette. Pale Frantzen, yule yule wa mbwa, aliweka sanamu mwaka 1985. Mfuniko wa shimo la barabarani umefunguka, kijana amechomoza nusu mwili, amemdaka polisi mguu, na polisi yuko hewani, mikono mbele, anaelekea kula mweleka. Polisi anayo namba 15, kumkumbuka yule polisi wa vibonzo vya Quick na Flupke vya Hergé, mtu wa Brussels aliyetupa pia Tintin. Molenbeek ni mtaa wa wafanyakazi na wahamiaji, na magazeti ya Ulaya huwa hayana jema la kuusema. Wenyewe wamesimamishiwa kijana anayemwangusha polisi, na polisi wa kweli wanapita hapo kila siku wakiitazama sanamu hiyo.

Shimo likikuvutia, yako makumbusho kwa ajili yako: Makumbusho ya Mifereji ya Maji Taka, kwenye lango la Anderlecht, ndani ya vijumba viwili ambamo zamani wafanyabiashara walilipia ushuru wa kuingiza bidhaa mjini. Unashuka ngazi, harufu inakupokea, na huko chini unakutana na mto Senne. Brussels ilizaliwa kandokando ya mto huu, halafu ikauchafua. Baada ya kipindupindu cha mwaka 1866 meya Jules Anspach aliamua kuufukia. Kati ya mwaka 1867 na 1871 ukajengewa kuta na paa, juu zikapita barabara pana zenye majengo ya fahari, na maskini waliokuwa wanakaa kwenye vichochoro vya kingo wakaondolewa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa Brussels miaka asijue kama pana mto. Mji huu unajua kuzika mambo yake.

Kutoka hapo tunachukua metro hadi kituo cha Trône, kwenye kuta za nyuma za kasri la mfalme. Ukitoka nje, inua shingo. Juu ya jiwe refu, juu ya farasi, ndevu zimeshuka kifuani, amekaa Leopold wa Pili. Sanamu ilitengenezwa na Thomas Vinçotte na kuzinduliwa mwaka 1926. Huyu ndiye aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, wakati vijiji vilipolazimishwa kutoa mpira, na wasiofikisha kiwango wakalipa kwa viboko, kwa wake zao kushikwa mateka, na kwa mikono iliyokatwa.

Usiishie kumtazama juu. Inama usome chini. Kuna maandishi yanayoeleza kwamba shaba na bati ya sanamu hii ilitoka Kongo, na ilitolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Yaani mfalme na farasi wake wote ni Katanga. Msikilizaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, babu zako walioshuka migodini ndio waliochimbua mwili huu. Hakuna anayempapasa kutafuta bahati. Hata ukitaka humfikii. Juni 2020, wakati wa maandamano ya kudai haki za watu weusi, vijana walipanda juu yake na bendera ya Kongo, na amepakwa rangi nyekundu si mara moja. Tarehe 30 mwezi huo huo, Kongo ikitimiza miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe aliandika barua ya kueleza majuto yake makubwa kwa yaliyotendwa.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye bustani ya Meeûs, palikuwa na kichwa cha shaba cha Émile Storms. Wa Karema na wa Moba, mnalijua jina hili au mnapaswa kulijua. Storms, afisa wa Kibelgiji, alipita njia ya misafara kutoka pwani, akawa mkuu wa kituo cha Karema mashariki ya Ziwa Tanganyika, kisha akavuka akajenga Mpala upande wa pili. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa, na fuvu likaja Brussels, ambako limehifadhiwa mpaka leo katika taasisi ya sayansi asilia. Kwa hiyo kwa miaka mingi mji mmoja ulikuwa na vichwa viwili: cha aliyeamrisha, kwenye bustani, juu ya nguzo; na cha aliyekatwa, ndani ya sanduku. Mwaka 2022 kile cha bustanini kiliondolewa.

Njaa imeshatuuma. Fuata boulevard hadi lango la Namur, si mbali kabisa na farasi. Hapo pana Uwanja wa Patrice Lumumba, uliopewa jina tarehe 30 Juni 2018, na nyuma yake unaanza mtaa wa Matonge, uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Harufu ya samaki wa kukaanga inakupokea mapema. Saluni zimejaa, vitenge vimetundikwa, Kilingala kinatawala, lakini ukitega sikio utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi. Nilipata sahani ya pondu, ndiyo kisamvu chetu, na mama aliyenipakulia aliponisikia nazungumza kama mtu wa pwani alicheka akaniongezea ndizi. "Baba, kula, huku baridi," akaniambia. Lumumba hana sanamu hapo, ana kibao na picha. Waliokiomba walikipigania miaka kadhaa. Mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali baada ya kuuawa Katanga, Januari 1961, na jino moja lililobaki lilirudishwa kwa familia yake hapa hapa Brussels mwezi Juni 2022.

Tumeshiba, turudi kwenye metro hadi bustani ya Cinquantenaire. Nyuma ya miti, jirani kabisa na Msikiti Mkuu wa Brussels, utaona ukuta mkubwa wa mawe meupe yaliyoliwa na mvua. Ni mnara wa Wabelgiji waliotangulia Kongo, kazi ya Vinçotte tena, wa mwaka 1921. Katika mapambo yake yumo askari wa Kibelgiji aliyemkanyaga mfanyabiashara wa watumwa, na maandishi yaliyosifu ushujaa wa kumwangamiza Mwarabu mfanya watumwa. Neno la kuwataja Waarabu lilikwanguliwa baada ya malalamiko ya balozi, likarudishwa baada ya malalamiko ya upande wa pili, likakwanguliwa tena.

Lakini ugomvi huo wa patasi unaficha jambo kubwa zaidi, na hili linatuhusu sisi wa lugha hii. Vita inayosifiwa pale ni ile ya mwaka 1892 hadi 1894 dhidi ya watu wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Unguja, na mwanawe Sefu aliyekufa humo. Tippu Tip hakuwa malaika. Pembe zake zilibebwa na mateka, na vijiji vilivyochomwa njiani vinamkumbuka. Ila mnara hausemi kwamba mwaka 1887, kule Unguja, msafiri mashuhuri Stanley alimwandikisha mkataba kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfalme alimwajiri kwanza, akaja kupigana na watu wake baadaye, kisha vita ikaitwa ukombozi. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu kipo. Ukisoma mnara bila kitabu, umesikiliza upande mmoja wa kesi.

Sasa kituo cha mwisho. Kutoka Montgomery panda tramu namba 44. Safari yenyewe ni starehe: tramu inaacha majumba, inaingia kwenye msitu wa Soignes, na inakushusha Tervuren, mbele ya bustani na jumba lililojengwa na Mfaransa Charles Girault na kufunguliwa mwaka 1910. Hayo ni Makumbusho ya Afrika. Yalifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati, yakafunguliwa tena Desemba 2018 kwa ahadi ya kuacha kuisimulia Afrika kwa mdomo wa mkoloni.

Unaingia kupitia ujia mrefu chini ya ardhi, ambamo umelazwa mtumbwi wa mti mmoja wenye urefu wa mita 22 na nusu. Karibu na hapo kuna chumba cha sanamu zilizostaafishwa. Yumo mtu-chui wa Paul Wissaert, aliyejifunika ngozi, makucha ya chuma mkononi, anamnyemelea aliyelala. Vizazi vya watoto wa Kibelgiji walioletwa hapa na walimu wao waliondoka na picha hiyo moja ya Mkongo. Sasa amefungiwa pembeni na wenzake, na mgeni anaelezwa kwa nini.

Zipo ambazo hazikuweza kuondolewa. Jumba ni urithi unaolindwa na sheria, na sanamu zilizojengewa ukutani, zikionyesha Ubelgiji ikimletea Mwafrika ustaarabu, haziguswi. Wasanii wawili, Aimé Mpane wa Kinshasa na Jean-Pierre Müller wa Ubelgiji, wakapata njia: wakatundika mbele yake vitambaa vyepesi vilivyochapwa picha, ukitazama unaona ya kale na jibu lake kwa pamoja. Katikati ya ukumbi Mpane ameweka pia kichwa kikubwa cha Mwafrika alichokisuka kwa vipande vya mbao.

Na kuna ukuta. Umeandikwa majina 1508 ya Wabelgiji waliofia Kongo katika miaka ya mwanzo. Jina la Mkongo hata moja halimo. Mwaka 1897, kwenye maonyesho ya kikoloni ya hapa Tervuren, Leopold alileta Wakongo 267 wakae kwenye vijiji vya bandia, watu waje kuwatazama. Majira yale yalikuwa ya mvua na baridi, na saba kati yao walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange, na makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa hakuukwangua ukuta. Aliandika majina ya Wakongo kwenye vioo vya madirisha yaliyo mkabala. Jua likipiga, vivuli vya majina hayo hutembea polepole juu ya majina yaliyochongwa. Nilikuta jua la alasiri, na kivuli cha Zao kilikuwa kimeshaanza kuvuka mistari ya makapteni. Mzee mmoja wa Kibelgiji alikuwa amesimama anatafuta jina la ukoo wake ukutani. Alilipata. Akageuka kutazama dirishani yale mengine yametoka wapi, akasogea kuyasoma.

Hilo ndilo nililotaka kusema tangu asubuhi. Kitoto cha barabara ya Étuve kimedumu kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kukiongezea kitu. Kazi ya Tsimba inafanya lile lile kwa jambo zito: inaufungua ukuta uliokuwa umefungwa, wengine nao waingie. Mfalme wa Trône alijengwa ili pasiongezwe kitu, ndiyo maana watu wamemwongezea rangi.

Afanywe nini basi? Mwaka 2022 kundi la wataalamu lililoundwa na serikali ya mkoa wa Brussels lilitoa ripoti kuhusu alama za ukoloni mitaani, na miongoni mwa mapendekezo ni kumyeyusha Leopold na kutumia madini yake kwa kumbukumbu ya waliodhulumiwa. Wapo wanaosema kufanya hivyo ni kufuta historia. Mimi nasema historia yake haimo kwenye ndevu zake. Imo kwenye yale maandishi madogo ya chini yanayotaja Katanga. Maandishi yabaki. Shaba yenyewe ikabidhiwe wachongaji wa Lubumbashi na Kinshasa, waamue wao, mradi watakachokisimamisha kiwe cha kimo cha mtu, kikae chini mahali pa kufikika, na nafasi ya kuongeza majina iachwe. Na halmashauri zetu huku nyumbani, zinapotenga fedha za kumsimamisha mheshimiwa fulani kwenye mzunguko wa barabara, magari yakimzunguka asifikike, zijiulize mapema: nani ataruhusiwa kumkaribia?

Ukipata nafasi ya kwenda, kumbuka kwamba makumbusho ya Tervuren na lile kabati la nguo za mtoto yote hufungwa Jumatatu. Nenda Jumanne, vaa viatu vya kutembelea, na usiache kusoma maandishi ya chini.